Boti Haiuzwi kwa Picha ya Machweo

Imani iliyoenea kwa wauzaji wa vyombo vya majini, na kwa mafundi wanaowajengea tovuti, ni kwamba mteja hununua kwa macho. Mwambie fundi wa mjini akujengee tovuti ya kuuzia boti, ataanza na picha: boti nyeupe juu ya maji ya samawati, jua linazama nyuma yake, maandishi membamba ya kijivu yanaelea juu ya mawimbi, na chini kabisa kitufe kimoja, "Wasiliana nasi upate bei". Kazi hiyo huitwa rafiki kwa mtumiaji. Muuzaji huifungua kwenye kompyuta ya ofisini, mtandao ukiwa na kasi, akaridhika, akalipa.

Naipinga imani hiyo tangu mzizi. Tovuti ya namna hiyo ina rafiki mmoja tu, naye ni mwenye boti, kwa kuwa inamwonyesha mali yake katika sura anayoipenda. Mnunuzi haimpi kitu. Mnunuzi ana maswali, na urafiki wa tovuti unapimwa kwa maswali aliyojibiwa kabla hajakata tiketi ya basi.

Ninaandika haya nikiwa Haneti, wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Najua litakalofuata: Haneti na boti wapi na wapi? Huku ni nchi ya uwele, mtama na alizeti, nchi ya ng'ombe na mbuzi, nchi ya makorongo yanayopitisha maji siku chache za mvua kisha yakabaki mchanga mtupu. Kweli, hakuna anayeegesha boti hapa. Lakini ndani ya swali hilo ndimo lilimo kosa ninalolipiga vita, maana linadhani soko la tovuti ya boti liko ufukweni.

Mtu wa Nungwi au wa Kilwa akitaka chombo hana haja ya tovuti. Anashuka pwani maji yakiwa yametoka, anakizunguka chombo, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole asikie kama umeoza, anachungulia kalafati, anamwuliza jirani chombo hiki kilikuwa cha nani na kwa nini kinauzwa. Kabla ya adhuhuri anajua kuliko ukurasa wowote utakavyoweza kumweleza. Mtu wa Mwanza au Kigoma naye vivyo hivyo. Tovuti ni ya yule asiyeweza kushuka pwani. Ni ya aliye mbali, na aliye mbali katika nchi hii yupo, ana haja, na fedha anayo.

Tazama maji ya mkoa wetu. Kusini, mpakani na Iringa, kuna Bwawa la Mtera kwenye Mto Ruaha Mkuu. Watu wa umeme wanalijua kwa mitambo yake ya megawati 80 iliyoanza kazi mwaka 1988; walaji wa Dodoma wanalijua kwa samaki. Karibu na jiji kuna Hombolo, bwawa la mwaka 1957. Upande wa Bahi kuna ardhioevu inayojaa miaka ya mvua nyingi, watu wakaweka jembe chini wakashika nyavu. Wanaotia fedha katika uvuvi wa maji hayo si wavuvi peke yao. Yumo mtumishi aliyestaafu anayetaka kiinua mgongo chake kizae. Yumo mfugaji aliyeuza ng'ombe kabla kiangazi hakijawamaliza. Kimo kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali nayo imeonyesha kwamba boti ni mali inayokopesheka: mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo.

Hao ndio wasomaji wa tovuti ya boti. Wako Haneti, Mpwapwa, Kibaigwa, Manyoni. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450. Hadi Mwanza ni kama 700. Swali lililoachwa bila jibu kwenye ukurasa linageuka nauli, chumba cha gesti na siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi linageuka kitu kibaya zaidi kwa muuzaji: mteja anaacha. Hapigi simu kulalamika kwamba hakuona urefu wa boti. Anafunga tu, anakwenda kununua bodaboda au mashine ya kukamua alizeti, na muuzaji hatajua kamwe kwamba alikuwepo.

Wenye imani ya uzuri wana hoja yao, na nitaileta ikiwa na nguvu zake zote. Mwaka 1995 watafiti wawili wa kampuni ya Hitachi ya Japani, Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, waliwaonyesha watu mipangilio mbalimbali ya vitufe vya mashine za kutolea fedha benki. Waliona kwamba mpangilio uliowapendeza watu ndio waliousema kuwa rahisi kutumia. Miaka miwili baadaye Noam Tractinsky alirudia jaribio hilo Israeli, akakuta uhusiano huo una nguvu zaidi. Tangu wakati huo kila fundi anayetaka kutetea picha kubwa ana pa kushika.

Lakini angalia walichopima. Walipima urahisi unaodhaniwa, yaani kile mtu anachokisema baada ya kutazama. Urahisi wenyewe, wa kutenda kazi mpaka ikaisha, ni kitu kingine, na watafiti hao walivitenganisha hivyo viwili kwa makusudi. Aliyesimama mbele ya mashine ya benki, tena, anatoa fedha yake mwenyewe. Akikosea kitufe anarudia. Anayenunua boti anatoa fedha ya miaka mingi kumpa mtu asiyemjua, kwa kitu asichokigusa. Uzuri utamfanya akae sekunde kadhaa zaidi. Sawa. Sekunde hizo zikipita ataanza kuuliza, na hapo picha ya machweo haina la kumwambia.

Ushahidi wa kwamba watu hununua taarifa uko barabarani hapahapa Dodoma. Hesabu magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika. Mengi yameagizwa kupitia tovuti, na Be Forward ni jina ambalo hata asiyemiliki baiskeli amelisikia. Ufungue ukurasa wake mmoja wa gari. Hautakushangaza kwa uzuri, umesongamana. Lakini una mwaka wa gari, kilomita lililotembea, ukubwa wa injini, namba ya chesisi, aina ya mafuta, picha nyingi za kila upande zikiwemo za viti na za mikwaruzo, bei ya gari likiwa Japani, na bei likiwa limefikishwa bandari ya Dar es Salaam. Mtu anachukua taarifa hizo, anaingia kwenye kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato, anapata kodi yake, anajumlisha. Kisha mwalimu wa shule ya msingi, aliye kilomita mia kadhaa kutoka baharini, anatuma mamilioni ng'ambo kwa gari ambalo hakuligusa hata tairi. Nani basi anathubutu kusema Mtanzania hanunui kitu kizito bila kukiona? Ananunua. Anachodai ni kuonyeshwa kila kitu, pamoja na kasoro.

Wenzetu wanaouza boti kweli wanalijua jambo hilo. Uingereza kuna tovuti iitwayo Apollo Duck, ambayo kwa miaka mingi imekuwa orodha kavu ya vyombo: picha ndogo, urefu, mwaka, mjenzi, mahali kilipo, bei. Haina mbwembwe, na vyombo vinavyotangazwa humo ni maelfu. Nchi yenye wabunifu wa kila aina, na wanunuzi wake bado wanarudi kwenye orodha.

Sasa nije kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo imani ya machweo inapoleta hasara kubwa, na ndipo wauzaji wetu wanaposhikilia kwa meno. Huku mitandaoni imekuwa desturi: picha ya bidhaa, sifa mistari miwili, kisha "bei njoo inbox". Wanaotetea desturi hiyo husema mambo matatu. La kwanza, ukiweka bei mshindani ataiona. La pili, boti haina bei moja, inategemea injini na vifaa. La tatu, biashara yetu ni ya maelewano, na bei ikiandikwa mazungumzo yamekufa.

Mshindani anaijua bei yako tayari. Ni jirani yako gatini, fundi wenu ni mmoja, na akitaka uhakika atampa mtoto simu akupigie ajifanye mteja. Uliyemficha ni mnunuzi wa mbali peke yake. La boti kutokuwa na bei moja lina jibu lake la wazi: andika bei ya boti tupu, andika bei ya injini, andika bei ya kila kifaa kinachoongezwa, na uache ukurasa ujumlishe. Kompyuta ilibuniwa kwa hesabu, na hapa tunaitumia kuonyesha mawimbi. Kuhusu maelewano, kila mtu aliyewahi kusimama mnadani anajua kwamba mazungumzo huanza bei inapotajwa. Mfugaji akiulizwa bei ya dume lake hasemi "wasiliana nami". Anataja. Mnunuzi anashtuka, anashusha, wanafikia mahali. Andika bei na pembeni yake uandike "inazungumzika", umemaliza.

Kuna jambo zito zaidi nyuma ya bei iliyofichwa. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubora wa kitu na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu kizuri, kwa kuwa hawezi kukitofautisha na kibovu. Mwenye kitu kizuri anaona hapati haki yake, anajiondoa. Sokoni wanabaki wenye vibovu. Ndiyo maana naona kuficha taarifa kuwa kosa dhidi ya muuzaji mwaminifu kwanza. Fundi aliyejenga mashua kwa mbao nzuri na misumari isiyoshika kutu, tovuti ya machweo inamweka bega kwa bega na aliyepaka rangi juu ya ubao uliooza. Wote wawili picha zao zinapendeza.

Haneti tunaujua uchungu wa kuuziana gizani. Ardhi yetu ina krisopraso, jiwe la kijani ambalo rangi yake inaletwa na nikeli, na jina la Haneti linatajwa na wataalamu wa vito wa nchi za nje. Mchimbaji mdogo anayeuza jiwe bila kujua thamani yake huko linakokwenda anakaa kwenye mazungumzo akiwa ameshindwa kabla hajafungua kinywa. Katika jiwe, mwenye taarifa ni mnunuzi. Katika boti, ni muuzaji. Anayeumia ni yuleyule wa huku bara, mara ya kwanza akiuza na mara ya pili akinunua. Kwa hiyo sitakubali kuambiwa kwamba kuandika bei ni suala la ladha ya mbunifu.

Turudi kwenye ukurasa wenyewe. Mnunuzi wa bara haanzi na jina la kiwanda. Anaanza na kazi: nataka kuvua, nataka kuvusha watu, nataka kubeba mizigo. Anafuata maji: bahari, ziwa, bwawa, mto. Anafuata watu wangapi, halafu fedha aliyonayo. Tovuti iliyopangwa kwa maswali hayo manne itamfikisha penye vyombo vitatu au vinne vinavyomfaa. Tovuti nyingi zinamwuliza kwanza achague aina na toleo, kwa Kiingereza, mtu ambaye atalipa kwa shilingi na kujadiliana kwa Kiswahili. Hapo anapotea.

Akikifikia chombo, apewe vipimo kwa futi na kwa mita: urefu kutoka omo hadi tezi, upana, na kina kinachozama majini kikiwa kitupu na kikiwa kimebeba. Kina hicho ndicho ambacho picha haionyeshi kamwe, na ndicho kitakachoamua kama chombo kinafaa bwawa. Maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa misimu. Chombo kilichochongwa kwa ajili ya bahari kitakwaruza tope mwezi wa Oktoba, mwenyewe akabaki anakitazama. Apewe uzito, kwa sababu lazima kipandishwe juu ya gari. Anahitaji kujua kama kenta itatosha au ni Fuso, na itagharimu kiasi gani kukifikisha Dodoma. Wauzaji huliona hilo kuwa tatizo la mnunuzi. Be Forward waliliona kuwa sehemu ya bei, na ndiyo maana wanauza.

Apewe idadi ya watu chombo kinachoruhusiwa kubeba, iandikwe kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi. Kilistahili kubeba watu wapatao 100, na waliokufa walizidi 200. Baada ya msiba kama ule, ukurasa unaouza chombo cha abiria huku idadi ya abiria imejificha kwenye kona, au haipo, ni ukurasa wa hatari, hata ukipewa tuzo ya ubunifu.

Picha nazitaka, tena nyingi, ila za kazi. Chombo kikiwa nchi kavu, kimepigwa picha chini kwenye mkuku. Ndani, mataruma yakionekana. Viungo vya mbao, na kama ni boti ya faiba, kila kiraka. Injini ikiwa wazi, pamoja na bamba lenye namba yake. Mtu mzima asimame kando ya chombo ili aliye mbali aone ukubwa. Picha iwe na tarehe. Boti ikiwa na ufa, ufa upigwe picha na uandikiwe maelezo yake. Muuzaji ataogopa, lakini ufa ulioonyeshwa unamshawishi mnunuzi kuamini yaliyobaki. Ufa atakaougundua mwenyewe baada ya kusafiri kutoka Dodoma hadi Dar unaua biashara hiyo, na nyingine kumi za ndugu na jamaa atakaowasimulia.

Kisha nyaraka. Chombo cha uvuvi kinahitaji usajili na leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara unasimamiwa na shirika la serikali, TASAC, tangu mwaka 2018. Mtu aliyekulia ufukweni anajua aende kwa nani. Mstaafu wa Dodoma hajui, na hakuna sababu ya kumwaibisha kwa hilo. Ukurasa useme: chombo hiki kimesajiliwa au hakijasajiliwa, kina cheti cha ukaguzi au hakina, na ukinunua utapaswa kufanya moja, mbili, tatu. Kwa kikundi cha mkopo kuna kitu kimoja ambacho sijakiona kwenye tovuti ya boti, nacho ni rahisi kuliko vyote: kitufe cha kutoa profoma. Kikundi kinapopeleka andiko lake halmashauri lazima kionyeshe bei halisi kutoka kwa muuzaji halisi. Vijana wanahangaika majuma kumtafuta mtu wa kuwaandikia karatasi hiyo. Tovuti ingeitoa papo hapo, ina jina la muuzaji, namba ya mlipakodi, maelezo ya chombo na bei. Hiyo kwangu ni huduma kubwa kuliko video yoyote.

Nikitaja video napata hasira, na nina haki. Watu wa huku wanatumia bando la kuhesabu, kwenye simu ya bei nafuu, mara nyingi kioo kimepasuka, mtandao unakuja na kuondoka. Kurasa nyingi za siku hizi zinazidi MB 2 kabla hujasoma hata neno. Ukurasa wa boti unaoanza kucheza video bila ruhusa unachukua fedha ya mtu mfukoni kabla hajaamua kama anakutaka. Maneno na tarakimu zote nilizozitaja hapo juu haziwezi kufika hata sehemu ndogo ya uzito huo. Ziletwe kwanza. Picha ndogo zifuate, na anayetaka picha kubwa aibonyeze mwenyewe, akiwa ameandikiwa ukubwa wake.

Na yale maandishi ya kijivu! Kanuni za kimataifa za tovuti zinazofikika na wote, zinazotolewa na shirika la W3C, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Lakini tokeni nje saa saba mchana huku kwetu na simu mkononi, mwanga wa Septemba ukiwa juu, muone kama kuna mwenye macho mazima atakayesoma kijivu juu ya nyeupe. Weusi juu ya weupe, herufi nene, vitufe ambavyo kidole cha mtu anayeshika jembe kinaweza kuvibonyeza bila kugusa vya jirani.

Fomu nazo zipunguzwe. Mtu anaulizia boti, anadaiwa barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa na alama, tarehe ya kuzaliwa. Vya nini? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka, na tarehe ya kuzaliwa haina kazi katika kuulizia mtumbwi. Namba ya simu inatosha. Na ukurasa wa kila chombo uwe na anwani yake, ili uweze kutumwa WhatsApp kwa kaka aliyeko Mtera, ukifika uonyeshe picha, urefu na bei. Boti huku hainunuliwi na mtu mmoja. Inajadiliwa na mke, na ndugu, na mjomba aliyewahi kuishi ziwani. Tovuti isiyotumika ndani ya mazungumzo hayo imewatoa waamuzi wote nje.

Wapo wanaoniambia kwamba nimechelewa, kwamba tovuti zimepitwa, ukurasa wa Instagram unatosha. Wanaosema hivyo wanauza nguo na viatu, na kwa nguo wako sahihi. Boti iliyotangazwa Machi inazikwa na picha za Aprili. Huwezi kuitafuta kwa urefu, kwa bei wala kwa mahali ilipo. Huwezi kujua kama imeshauzwa. Mitandao imwite mteja. Maswali yajibiwe mahali panapokaa.

Limebaki la uaminifu, ambalo huku ndilo kubwa kuliko yote. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Mtu aliyezoeshwa kutapeliwa hivyo anaifikia tovuti yako akiwa amekunja uso, na wabunifu hudhani atakunjuliwa na picha za watu wazuri wanaocheka. Hakunjuliwi. Mwonyeshe jina la biashara kama lilivyosajiliwa kwa msajili wa serikali, BRELA, alitafute mwenyewe. Mwonyeshe mahali boti ilipo, gati gani, kwa nani. Mpe lipa namba ya biashara, ambayo akiiingiza simu itamwonyesha jina kabla hajathibitisha, asilipe kwa namba ya mtu binafsi. Mwandikie wazi kwamba anaruhusiwa kumtuma mtu au fundi wake akague kabla ya kulipa hata senti, na kwamba akilipa malipo ya awali yatarudishwa katika hali zipi na ndani ya siku ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni. Muuzaji anayeisoma na kuiweka kwa lugha nyepesi kwenye ukurasa wake atakuwa amefanya jambo ambalo washindani wake hawajalifikiria.

Mafundi watasema hayo yote ni ghali. Ghali ni video, ghali ni mpiga picha wa machweo, ghali ni mawimbi yanayotembea. Ukurasa wa maneno, jedwali na picha sita za kawaida unajengwa na kijana yeyote aliyemaliza chuo, na unaendeshwa kwa gharama ndogo. Kazi ngumu iko kwa muuzaji. Inabidi ashuke gatini na futi kamba, apime chombo, akipindue apige picha chini, aandike mwaka wa injini bila kuupunguza, aandike bei, na siku chombo kikiuzwa akifute kwenye orodha jioni ileile. Kisha amtafute mtu asiyejua kuogelea, anayeishi mbali na maji, ampe simu ya kawaida yenye bando dogo, akae kando bila kumsaidia, atazame kama mtu huyo ataweza kusema boti ni ya futi ngapi, inabeba wangapi, iko wapi, na kuifikisha Mtera jumla itakuwa shilingi ngapi.